Somo la Metali: Chuma, Shaba na Ndugu Zao katika Hewa ya Chumvi

Makurunge ipo upande wa bara ya mji wa Bagamoyo, karibu na bonde la mto Ruvu, na ndiko ianzako njia ya kwenda Saadani hata Tanga. Nchi hii yote, toka majaruba ya chumvi ya ufuoni hata mikoko ya mlango wa mto, ina hewa yenye chumvi na unyevu, na kila akaaye huku ajua inavyovitenda vyombo vyake. Jembe likilala nje usiku mmoja huamka jekundu. Paa la shule lililoezekwa juzi laanza kutoboka penye misumari. Sinia la shaba lililosahauliwa jikoni hufanya ukungu wa kijani. Na kuna visima ambavyo maji yake huteka meupe alfajiri, lakini kufika adhuhuri ndoo ina mashapo mekundu kama udongo wa kufinyangia.

Mambo haya manne yaonekana mbalimbali, ila asili yake ni moja, nayo ndiyo tutakayoieleza leo. Tumeona yafaa kuyaandika kwa urefu kidogo, kwa kuwa mwalimu aweza kuyaonyesha mengi mbele ya wanafunzi wake kwa chupa na misumari tu, na kwa kuwa mwenye kuyajua huokoa paa lake, chombo chake cha bahari, na pengine roho ya mtoto wake.

Katika mwaka 1869 mtaalamu wa Urusi jina lake Mendeleev alizipanga asili zote za vitu zilizojulikana siku zile katika jedwali moja, kwa kufuata uzito wake na tabia yake. Jedwali hilo limeongezwa na kusahihishwa tangu hapo, na katikati yake kuna ukoo mkubwa uitwao metali za mpito. Mstari wa kwanza wa ukoo huo una skandi, titani, vanadi, kromi, manganisi, chuma, kobalti, nikeli, shaba na zinki. Zinki wengine humtenga, maana hana tabia zote za nduguze. Sisi tutamweka, kwa sababu pasipo yeye khabari ya mabati haielezeki. Katika nchi yetu jamaa hawa hawako mbali: nikeli iko Kabanga katika wilaya ya Ngara, na mlima wa Liganga huko Ludewa una chuma kilichochanganyika na titani na vanadi.

Basi ni nini tabia inayowaunganisha? Fikirini kwamba kila punje ya metali ina mikono ya kushikana na vitu vingine. Natiri, iliyomo katika chumvi ya kula, ina mkono mmoja sikuzote. Kalsi, iliyomo katika chokaa, ina miwili sikuzote. Watu wa ukoo wetu hawana idadi moja. Chuma mara hushika kwa mikono miwili, mara kwa mitatu. Shaba ina mmoja au miwili. Manganisi ina miwili, minne, hata saba. Mkono huo hasa ni hesabu ya elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme, ambazo metali hutoa inapoungana na kitu kingine. Na idadi ya mikono ikibadilika, mara nyingi rangi nayo hubadilika. Chumvi za chuma chenye mikono miwili huwa na kijani hafifu, na chuma chenye mitatu huwa rangi ya manjano au kahawia au nyekundu. Chumvi za kromi yenye mitatu ni za kijani, na zenye sita ni za manjano au za rangi ya chungwa, nazo zina sumu kali. Kwa hiyo mwenye macho aweza kuisoma metali kwa rangi yake kama nahodha aisomavyo bahari.

Tuanze na chuma. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, ile sehemu ya hewa tuivutayo kwa uhai, pamoja na maji. Chuma hutoa elektroni zake, kwanza huwa cha mikono miwili, kisha hewa ikizidi huwa cha mitatu, ndipo twaona wekundu. Vyote viwili vyahitajika, hewa na maji. Kimoja kikikosekana hakuna kutu. Bwana mwalimu asiyekubali maneno matupu na afanye hivi. Achukue chupa tatu na misumari mitatu mipya iliyofutwa mafuta yake. Katika chupa ya kwanza, iliyo kavu kabisa, aweke msumari pamoja na bonge la chokaa iliyochomwa isiyozimwa, maana chokaa hiyo hunywa unyevu wote, kisha azibe. (Watoto wasiishike, hula ngozi na kupofusha macho.) Katika ya pili atie maji yaliyochemshwa sana, ambayo hewa yake imekwisha toka, aizamishe misumari na kumimina mafuta ya nazi juu yake ili hewa isirudi. Katika ya tatu atie maji ya kisima nusu chupa, chembe ya chumvi, na kuiacha wazi. Baada ya juma moja msumari wa kwanza ni safi, wa pili ni safi au karibu na safi, na wa tatu umegeuka.

Kutu ni jamaa ya mawe yale yale ambayo chuma hutolewa. Katika tanuri mhunzi hulazimisha safari ya kurudi nyuma: makaa yanapoungua kwa mvukuto huwa gesi yenye uchu wa oksijeni, gesi hiyo huipokonya oksijeni kutoka katika mawe, na chuma hubaki. Kazi hii ni ya kale sana katika nchi hizi. Katuruka, mkoani Kagera, wataalamu wamefukua mabaki ya matanuri yaliyowashwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Wafipa walijenga matanuri ya udongo marefu kupita mtu, waliyoyaita malungu, nao waliendelea nayo mpaka chuma cha ng'ambo kilipoishinda bei yao. Na pwani pia: Al-Idrisi, mwandishi wa Kiarabu aliyekimaliza kitabu chake cha nchi za dunia mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na kwamba biashara hiyo iliwapa faida kubwa. Mhunzi wa zamani alipochoma magunia na magunia ya makaa ili apate jembe moja, alikuwa akiilipa ile gharama ambayo hewa ya bahari huirudisha bure, polepole, kila usiku.

Kwa nini chumvi yaharakisha? Kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme: sehemu moja ya chuma hutoa elektroni, sehemu nyingine huzipokea, na maji hukamilisha njia kati yao. Tena chumvi huuharibu utando mwembamba unaokilinda chuma. Jambo hili la pili lina hasara kubwa katika ujenzi. Nondo iliyomo ndani ya zege nzuri haishiki kutu upesi, maana saruji ina ukali kama wa chokaa, na ukali huo huivika nondo ngozi ya kuilinda. Lakini fundi akichanganya zege kwa mchanga wa ufuoni, au kwa maji ya bahari, chumvi huingia pamoja nao, ngozi hiyo hupasuka, na nondo huanza kuliwa katika giza ambapo hakuna aonaye. Kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huvimba, zege hupasuka kwa mstari kufuata nondo, na siku moja kipande cha linta chaanguka juu ya mlango wa darasa. Kamati ya shule inayojenga karibu na bahari na iukatae mchanga wa ufuoni hata ukiletwa bure, na ihakikishe nondo zimefunikwa kwa zege ya sentimita 4 au 5. Mstari mwekundu ukionekana ukutani, usipakwe chokaa juu yake ili upendeze. Aitwe fundi.

Sasa mabati. Mabati ya paa, ijapokuwa yaitwa bati, kwa kawaida hayana bati hata chembe. Ni chuma kilichovikwa zinki, na siku hizi mengine huvikwa zinki pamoja na alumini. Zinki hufanya kazi mbili. Kwanza yafunika. Pili, na hili ndilo la ajabu, hulinda hata mahali palipokwaruzwa. Katika ukarimu wa kutoa elektroni zinki ni ya kwanza, chuma hufuata, na shaba ni bahili kuliko hao wote. Metali mbili zikigusana katika maji, ile karimu hutoa na kuliwa, na ile bahili hupona. Kwa hiyo penye mkwaruzo zinki hujitoa badala ya chuma, mpaka yenyewe itakapokwisha.

Kanuni hiyo hiyo ikigeuzwa huwa maangamizi. Waingereza waliijua kwa gharama. Mwaka 1761 waliivika manowari yao Alarm mabamba ya shaba chini ya maji, ili wadudu wa bahari wasiile mbao. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya sana. Mahali pengine chuma kilikuwa kizima. Walipochungulia wakaona kwamba karatasi ngumu iliyofungiwa mabamba haikuondolewa, nayo ikatenga shaba na chuma. Karatasi tu! Hata mwaka 1824 mtaalamu wao Humphry Davy akashauri shaba za merikebu zifungiwe vipande vya chuma au zinki, viliwe badala yake. Mafundi wa pwani yetu walikuwa na njia zao. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja, ulishonwa kwa kamba za nazi. Na waundao majahazi huuzungushia msumari nyuzi zilizolowa mafuta kabla ya kuugongomea, wakiyafungia nje maji na hewa.

Kutokana na hayo mtu apate akili ya kazi. Usifunge waya wa shaba juu ya paa la mabati, wala usiache maji yapitayo juu ya shaba yatiririkie mabati, kwa maana hubeba shaba kidogo na kuila zinki. Misumari na skrubu ziwe zimevikwa zinki vile vile. Mabati mapya yasirundikwe mahali penye unyevu yakingoja fundi: maji yakikaa kati yake pasipo hewa ya kutosha hufanya unga mweupe, nao ni zinki inayopotea kabla paa halijaezekwa. Na mvuvi mwenye mashine ya nyuma ya boti ataona kipande cha metali ya kijivu kimefungwa karibu na rafadha. Hicho mara nyingi ni zinki, kimewekwa kiliwe. Wako wanaokipaka rangi ili kisiharibike, na kwa kufanya hivyo wanaiua mashine.

Shaba ina historia ndefu katika mji wa Bagamoyo, maana katika njia za misafara zilizokomea hapo, zilizotoka Tabora na Ujiji, kulikuwa na matawi yaliyofika hata Katanga, nchi ya mawe ya kijani. Mawe hayo ni shaba iliyoungana na oksijeni, maji na hewa ile ile tuitoayo puani. Hayahitaji moto mkali kama wa chuma. Shaba huyeyuka kwa digrii 1085 za sentigredi, na chuma kwa 1538, ndiyo maana mafundi wa Katanga waliweza kuimimina katika kalibu na kufanya misalaba ya biashara. Shaba ikikaa miaka mingi katika hewa yenye unyevu hurudia ule ukijani. Fedha za shaba za masultani wa Kilwa, zikifukuliwa leo, ni za kijani kwa sababu hiyo. Nao ukijani huo, tofauti na kutu ya chuma, hushikamana na kuhifadhi kilichomo ndani.

Jikoni lakini si wa kuachwa. Sufuria na masinia ya shaba desturi hupakwa bati kwa ndani, hapa bati yenyewe ya kweli. Bati ikichakaa na wekundu wa shaba ukatokea, basi chakula chenye ukali, kama mchuzi wa ukwaju, achari, ndimu au siki, kikilala humo huyeyusha shaba. Atakayekila hupata kichefuchefu, kutapika na kukatwa na tumbo. Chombo cha namna hiyo kipelekwe kikapakwe bati upya, au kisitumiwe kwa vitu vikali.

Kuna chumvi ya shaba ijulikanayo sana sokoni, nayo ni mrututu, mawe mazuri ya buluu. Uzuri wake ndio hatari yake. Mtoto huudhania peremende. Ukimezwa huunguza tumbo, huharibu ini na mafigo, na waweza kuua. Aliyeumeza apelekwe hospitali saa ile ile pamoja na kipande kilichobaki, wasimtafutie dawa ya nyumbani. Nao wanaoupaka juu ya vidonda twawasihi waache, kwa kuwa huila nyama nzima pamoja na mbovu.

Katika mkono wa mwalimu, hata hivyo, hakuna kitu kifundishacho upesi kama mrututu. Ukichomwa kidogo katika kigae hupoteza maji yake na kuwa unga mweupe. Tone la maji likiudondokea, ubuluu hurudi. Tena yeyusha kidogo katika gilasi ya maji, tumbukiza msumari safi, na ungoje. Msumari huvaa koti jekundu la shaba, na baada ya saa nyingi ubuluu wa maji huelekea ukijani. Chuma karimu kimetoa elektroni zake kwa shaba, kimeingia majini, na shaba imetoka. Ni ile ile khabari ya Alarm, ndani ya gilasi.

Mkulima wa nyanya naye ana fungu lake. Huko Bordeaux, Ufaransa, wenye mashamba ya zabibu walikuwa wakiinyunyizia mizabibu ya kando ya njia dawa ya buluu ili wezi waogope kuzila. Profesa Millardet akaona kwamba mizabibu hiyo ndiyo iliyopona ukungu, na mwaka 1885 akautangazia ulimwengu mchanganyiko wa mrututu na chokaa. Kipimo chake cha kawaida ni kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa isiyozimwa katika lita 100 za maji. Mrututu uyeyushwe katika chombo cha udongo, mti au plastiki, kamwe si katika debe la chuma. Msomaji aliyefuata khabari ya msumari ajua sababu. Chokaa izimwe mbali na kuchujwa, kisha maji ya mrututu yamiminwe ndani yake huku yakikorogwa. Kabla ya kunyunyiza, chovya kisu safi kwa muda wa dakika moja. Kisu kikitoka na wekundu, mrututu umezidi nao utaunguza majani, ongeza chokaa. Kikitoka kama kilivyoingia, dawa iko tayari, nayo itumiwe siku ile ile. Mwenye kunyunyiza afunike macho na mikono yake, na nyanya zioshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Turudi kwenye ile ndoo ya kisima. Chini ya ardhi, ambako hewa haifiki, chuma hukaa katika maji kwa mikono miwili, na katika hali hiyo huyeyuka wala hakionekani. Maji yakitekwa yakakutana na hewa, chuma hupata mkono wa tatu, hakiwezi tena kuyeyuka, na hushuka kuwa mashapo mekundu. Mtu asiyejua hufikiri jirani amemtilia kitu. Maji hayo huharibu nguo nyeupe na huwa na ladha ya msumari. Ukipika chai hugeuka nyeusi kama wino, na kweli ni wino, kwa sababu wino wa kale wa Ulaya ulifanywa kwa chuma na ukakasi wa mimea, ule ule uliomo katika chai na katika maganda ya mikoko. Dawa yake ni hewa: yamwagwe toka chombo hata chombo, au yapitishwe katika kopo lenye matundu mengi yaanguke kama mvua, yalale usiku kucha, kisha yachujwe kwa mchanga safi. Chuma kitabaki katika mchanga. Vijidudu vya ugonjwa havizuiwi vyote kwa njia hii, basi ya kunywa yachemshwe.

Matope meusi ya mikoko yana siri ya jamaa hiyo hiyo. Weusi wake ni chuma kilichoshikana na kibiriti pasipo hewa, na harufu yake ya yai bovu yatoka huko. Yakikaa chini ya maji hayana neno. Lakini mtu akiyachimba ili afanye bwawa la samaki, akayarundika kingoni yakauke, hewa hukitenganisha chuma na kibiriti: chuma huwa kutu ya manjano, na kibiriti huwa tindikali kali. Mvua ya kwanza huiosha tindikali hiyo bwawani, samaki hufa kwa siku moja. Atakaye kuchimba na aanike kwanza bonge la matope kwa majuma kadhaa, alilowanishe, na kulijaribu kwa karatasi ya litmasi ya shuleni. Karatasi ya buluu ikiwa nyekundu, atafute mahali pengine.

Limebaki moja. Katika fukwe nyingi za pwani hii maji yanapokupwa huacha mistari ya mchanga mweusi, mzito kuliko mwingine. Ukipitisha sumaku juu yake utaona chembe zikiruka. Hizo ni chuma na oksijeni. Nyingine husitasita au hukaa tu, na miongoni mwa hizo ziko zenye titani pamoja na chuma. Huko Kwale, Kenya, mchanga wa namna hiyo ulichimbwa na kampuni ya Base Titanium toka mwaka 2013 hata Desemba 2024. Mzigo wake ulipelekwa ng'ambo, na sehemu kubwa ya titani ya dunia hutumiwa kufanya unga mweupe wa rangi za kuta. Chuma kikiondolewa, titani ikashika oksijeni kwa mikono yake minne, weusi wote hutoweka. Mwalimu aliye karibu na ufuo aweza kukusanya gao moja la mchanga huo wakati wa maji kupwa, aukaushe juani, na kuwapa wanafunzi sumaku ya redio mbovu wautenganishe wenyewe.